Ndege wa Porini Akikutwa Mgonjwa au Amekufa Nyumbani: Tusiguse, Tusile, Tusifiche



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa macho ya haraka linaonekana dogo. Katika vikao vyetu na kamati za sharika zilizo kando ya Ziwa Victoria, swali moja limekuwa likijirudia: mtu akiamka asubuhi akakuta ndege wa porini amekufa uani, au yuko hai lakini anayumba na hawezi kuruka, afanye nini?

Majibu tunayoyasikia ni mengi. Wapo wanaomtupia mbwa. Wapo wanaomtupa jalalani au ziwani. Watoto wenye manati humnyonyoa na kumchoma kama kitoweo kingine. Akiwa ni bundi, wapo wanaofunga mlango na kwenda kwa mganga. Na wapo wengi wanaonyamaza tu, wakiogopa kwamba wakisema, maafisa watakuja kuwaua kuku wao wote.

Jibu letu ni fupi, na hata mtoto wa Shule ya Jumapili anaweza kulikariri: tusiguse, tusile, tusifiche. Maneno mawili ya kwanza yanailinda nyumba moja. Neno la tatu linalinda kijiji kizima, na ndilo gumu kuliko yote.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Vikundi vingi vya akina mama katika sharika zetu hufuga kuku wa kienyeji. Kuku hawa hawafungiwi kutwa nzima. Hutoka asubuhi kujitafutia, huparua kwenye migomba, na hunywa maji kwenye dimbwi lile lile walilotua yangeyange na bata wa ziwani. Kwa mama mjane, kuku watano ni sare za shule, ni chumvi na sabuni, ni nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali usiku. Ugonjwa ukiingia kundini unaweza kuwamaliza wote kwa siku chache, na mama huyo akarudi pale alipoanzia.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni mafua makali ya ndege. Bata na ndege wengine wa majini ndio makao ya asili ya virusi vya mafua haya. Baadhi yao huvibeba bila kuonyesha dalili yoyote, lakini kinyesi chao, mate yao na makamasi yao huvimwaga kwenye maji na udongo. Kuku akivipata, mara nyingi hufa.

Aina ya virusi iitwayo H5N1 ilijulikana kuambukiza watu mwaka 1997 huko Hong Kong, ambako watu 18 waliugua na 6 wakafariki. Barani Afrika ilithibitishwa kwa mara ya kwanza Februari 2006, katika shamba la kuku kaskazini mwa Nigeria. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Kuanzia mwaka 2021 virusi hivi vimesambaa kwa upana mkubwa miongoni mwa ndege wa porini katika mabara mengi, na mwaka 2024 vilikutwa hata kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani.

Hata hivyo, tuseme wazi ili tusieneze hofu: virusi hivi haviambukizi kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Wengi walioumwa walikuwa wamegusana na ndege wagonjwa au waliokufa, hasa kuku na bata wa kufugwa. Maana yake ni kwamba kinga kubwa iko mikononi mwetu wenyewe.

Mifano mitatu ya kujifunza

*Azerbaijan, 2006.* Katika nchi hiyo watu 8 waliugua H5N1 na 5 wakafariki. Wengi wao walitoka wilaya moja, Salyan, na miongoni mwao walikuwamo wasichana na vijana. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwenye bata maji wakubwa weupe wa porini waliokuwa wamekufa: wanakijiji waliwaokota na kuwanyonyoa manyoya kwa ajili ya mito ya kulalia. Kazi ya kunyonyoa ilikuwa ya wasichana. Hapa hakuna aliyefanya ubaya. Watu waliona mali ya bure, wakaichukua.

*Misri, tangu 2006.* Nchi hii imepata wagonjwa zaidi ya 350 wa H5N1, na watu wapatao 120 wamefariki. Wengi waliambukizwa na kuku na bata waliofugwa nyumbani, na akina mama na watoto walikuwa hatarini sana, kwa kuwa wao ndio wanaolisha, wanaochinja na wanaonyonyoa. Mwenye kusoma habari hii asidhani ni ya mbali. Kazi hizo hizo nyumbani kwetu hufanywa na watu hao hao.

*Uganda, 2017.* Mfano huu uko mlangoni petu, kwenye ziwa letu. Mwanzoni mwa Januari 2017 ndege wengi wa majini, jamii ya shakwe wadogo wanaohamia huku kutoka Ulaya na Asia, walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe. Taarifa zilifika serikalini, sampuli zikapelekwa maabara, na katikati ya mwezi huo huo Uganda ikatangaza kwamba ni mafua makali ya ndege ya aina ya H5N8. Virusi vilipatikana pia kwa kuku na bata wa kufugwa upande wa Masaka. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua. Tofauti ya mfano huu na ule wa kwanza ni nini? Ndege waliokufa hawakuishia kuwa kitoweo wala mito. Waligeuka taarifa.

Si kila ndege aliyekufa ana mafua

Ndege hufa kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano wowote na mafua. Mmoja hugonga dirisha la kioo, mwingine hunaswa na nyaya za umeme, mwingine hukamatwa na paka, mwingine huzeeka. Dhoruba ya usiku moja inaweza kuangusha viota vingi. Ndege mmoja mdogo aliyekufa chini ya dirisha si habari ya kuitisha mkutano wa kijiji.

Sababu nyingine ambayo watu huisahau ni sumu. Kwelea kwelea wakivamia mashamba ya mpunga, mtama au uwele, dawa hunyunyiziwa kutoka angani ili kuwaua. Dawa hiyo huua pia mwewe na ndege wengine wanaowala kwelea kwelea waliokufa. Kuwaokota na kuwala ni hatari kwa mtu pia. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watega ndege wamekuwa wakijulikana kutumia Furadan, dawa ya kuulia wadudu wa shambani, kuwaua korongo na bata kisha kuwauza kama nyama. Kumpika ndege wa namna hiyo hakuiondoi sumu.

Na bundi je? Bundi hula panya. Mtu akiweka sumu ya panya ghalani, panya aliyeila huzubaa na kuwa windo rahisi. Bundi humla, naye sumu humpata. Asubuhi anakutwa amekufa uani, na nyumba nzima inaanza kuulizana ni jirani gani amemtuma. Tumeona ujirani ukivunjika kwa jambo la namna hii. Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tuulize kwanza: ni nani aliyetega sumu ya panya hapa karibuni?

Nako Julai na Agosti 2004, maelfu ya heroe wadogo walikufa katika Ziwa Manyara na maziwa mengine ya magadi kaskazini mwa Tanzania. Watafiti walipochunguza walihusisha vifo hivyo na sumu itokanayo na vijimea vya majini. Kwa kumtazama tu, hakuna awezaye kusema ndege amekufa kwa nini. Hilo ni jukumu la maabara. Jukumu letu ni kuhakikisha maabara inapata habari.

Ni wakati gani wa kutoa taarifa

Tunazishauri kamati zifundishe dalili nne. Ikionekana hata moja, taarifa itolewe siku hiyo hiyo:

1. Ndege wawili, watatu au zaidi wamekufa eneo moja ndani ya siku chache.
2. Aliyekufa ni ndege wa majini (bata, korongo, shakwe, yangeyange) au ndege mla nyama kama mwewe na furukombe.
3. Ndege yuko hai lakini anayumba, anapinda shingo, anazunguka mahali pamoja au hawezi kuruka ingawa hana jeraha.
4. Kuku, bata au kanga wa nyumbani nao wameanza kufa katika kipindi hicho hicho.

Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, ambaye ataifikisha kwa afisa mtendaji na afisa mifugo wa kata. Afisa mifugo anajua njia ya kumfikia daktari wa mifugo wa wilaya, na kutoka hapo sampuli huenda kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Mtoa taarifa aseme mambo manne: wapi, lini, ndege wa aina gani, na wangapi. Mwenye simu ya kamera apige picha akiwa amesimama mbali kidogo. Tusingoje wiki, kwa sababu mzoga uliooza haumsaidii mtaalamu.

Hatua za kuchukua pale nyumbani

*Kwanza*, waondoe watoto, mbwa, paka na kuku mahali hapo. Mfunike ndege kwa ndoo kuukuu au beseni, weka jiwe juu, kisha toa taarifa. Afisa akisema anakuja, muache hapo hapo kivulini.

*Pili*, ikiwa ni ndege mmoja asiye na dalili tulizozitaja, au afisa amekuambia umzike, usimshike kwa mikono mitupu. Vaa glavu. Kama huna, ingiza mkono ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka, mshike ndege kupitia mfuko huo, kisha ugeuze mfuko nje ndani ili ndege abaki ndani yake. Koleo au jembe pia vinafaa kumbebea. Funika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa.

*Tatu*, chimba shimo lenye kina cha mita moja hivi, mbali na kisima, chemchemi na ziwa. Mzike, mwagia chokaa kama ipo, kisha fukia na ushindilie ili mbwa wasifukue. Kumtupa ziwani au mtoni ni kumpelekea jirani tatizo lako.

*Nne*, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua sekunde 20. Osha jembe, ndoo na soli za viatu kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini. Virusi vya mafua ni dhaifu mbele ya sabuni, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa maana sabuni ipo karibu kila nyumba.

*Tano*, aliyemgusa ndege huyo bila kinga ajichunguze kwa siku 10. Akipata homa, kikohozi, maumivu ya koo au macho mekundu, aende zahanati mapema na aseme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwamba aligusa ndege aliyekufa. Mganga asipoambiwa hilo anaweza kutibu malaria peke yake.

Kwa ndege aliye hai, ushauri ni ule ule: tusimkumbatie, tusimpulizie maji mdomoni, tusimwingize jikoni apate joto. Kama amegonga dirisha mbele ya macho yetu na amezubaa tu, mfunike kwa kitambaa, muweke kwa glavu katika boksi lenye matundu mahali penye giza na utulivu, na baada ya saa moja au mbili mfungue nje. Wengi huruka wenyewe. Kinda aliyeota manyoya na anayerukaruka chini aachwe alipo, maana mama yake yuko karibu.

Na kuku wetu?

Desturi iliyoenea ni hii: kuku akianza kusinzia, anachinjwa haraka kabla hajafa, au anapelekwa sokoni kwa bei ya chini. Tunaielewa sababu yake, maana ni njia ya kuokoa chochote kilichobaki. Lakini kuku huyo mmoja, akishafika sokoni, ameugawa ugonjwa kwa vijiji vyote vilivyofika siku hiyo.

Mara nyingi chanzo cha vifo vya kuku wetu si mafua ya ndege. Ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Dalili za magonjwa haya mawili hufanana sana: kusinzia, kuharisha, kupumua kwa shida, kupinda shingo, na kufa wengi kwa mara moja. Habari njema ni kwamba kideri kina chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo haikingi mafua ya ndege. Lakini ina faida ya pili: kundi lililochanjwa vizuri likianza kufa, tunajua mapema kwamba si jambo la kawaida na tunaita mtaalamu.

Pamoja na chanjo, tuwapatie kuku maji na chakula ndani ya banda badala ya kuwaacha wategemee madimbwi ya ziwani. Tuwafunge wakati wowote ndege wa porini wanapoonekana kufa karibu. Kuanzia Septemba hadi Aprili, ndege wahamao wanapokuwa wengi kwetu, tuongeze uangalifu.

Maswali tunayoulizwa

*Je, tuue ndege wa porini au tukate miti wanayolala?* Hapana. Ukiwavuruga watatawanyika na kupeleka ugonjwa mbali zaidi, ikiwa wanao. Yangeyange na mbayuwayu hutulia wadudu, bundi hutulia panya. Nao pia ni sehemu ya uumbaji tuliokabidhiwa kuutunza.

*Je, tuache kula kuku na mayai?* Hapana. Kuku mzima, aliyechinjwa vizuri na kupikwa hadi nyama ya ndani isibaki nyekundu, ni salama, na mayai yaliyoiva pia. Mwaka 2005 na 2006 hofu tupu ilishusha soko la kuku nchini Kenya, ingawa ugonjwa haukuwa umethibitishwa huko. Hofu isiyo na maarifa nayo huua kipato.

*Je, nikitoa taarifa sitapoteza kuku wangu?* Hili ndilo swali lenye uzito, na hatupendi kulijibu kwa maneno matamu. Ikithibitishwa kwamba ni mafua makali, kuku walioambukizwa na walio karibu nao wanaweza kuuawa kwa amri ya wataalamu. Lakini kuku wenye ugonjwa huo wengi watakufa hata tukinyamaza, na ukimya wetu utawachukua na wa jirani. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji kutoa taarifa. Mkoa wetu wa Kagera umekwisha kujifunza thamani ya kusema mapema. Mwaka 2023 ulipoingia ugonjwa wa Marburg, ambao hautokani na ndege, watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Taarifa na ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa vilisaidia kuuzuia usiende mbali.

Tunachoziomba kamati za sharika

- Kila usharika uteue mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, mwenye namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, na namba hiyo itangazwe baada ya ibada na kubandikwa kwenye mbao za matangazo.
- Walimu wa Shule ya Jumapili wawafundishe watoto yale maneno matatu. Mtoto mwenye manati ndiye anayemuona ndege mgonjwa kabla ya sisi wote.
- Vikundi vya wafugaji viweke kalenda ya chanjo ya kideri na kuchanja siku moja kwa pamoja.
- Kamati ya diakonia izungumze mapema kuhusu namna ya kumshika mkono mwanakikundi atakayepoteza kuku kwa sababu ametoa taarifa. Mtu akijua kwamba usharika hautamwacha, hatakuwa na sababu ya kuficha.

Kwa marafiki na wafadhili wetu

Mnapochangia vifaranga na mabanda, tunawaomba mchangie pia vile visivyoonekana kwenye picha: vichupa vya chanjo na majokofu ya kuvihifadhia, glavu, sabuni, na nauli ya afisa mifugo kufika kijiji cha mwisho kando ya ziwa. Banda zuri lisilo na chanjo ni nyumba isiyo na mlango. Kuweka akiba kidogo ya kumrudishia kuku mama aliyesema kweli kutalinda michango yenu yote iliyotangulia.

Ndege huvuka ziwa bila kibali, wala hawajui mpaka wa wilaya au wa nchi. Habari ya ugonjwa nayo inapaswa kwenda upesi kama wao. Safari hiyo inaanza na mtu mmoja uani kwake, aliyemfunika ndege kwa ndoo kuukuu na kuchukua simu.